Kufuli ya Jirani

Ploti yetu ya Majengo ina desturi moja: mlango ukiwa na kufuli nje, hakuna mtu, hubishi hodi. Kwa hivyo Julai ile, baridi kali mpaka nguo zinakataa kukauka, hakuna aliyejishughulisha na chumba cha jirani aliyehamia juzijuzi na kasichana kake ka miaka kama minne. Tangu jana yake hatukuwa tumewaona. "Wameenda ushago, kijijini kwao," walisema watu pale mferejini.

Nilikuwa naanika shuka mbele ya mlango wake niliponusa makaa yanayoanza kushika. Nikasimama. Kama hakuna mtu, jiko limewashwa na nani?

Nikainama. Upenyo wa chini ulikuwa umezibwa kwa sweta, na umezibwa kutoka ndani. Ngai! Nikaita. Kisha nikasikia kikohozi kimoja, kidogo, kama cha mtu anayejificha.

Nikapiga mayowe. Mwenye ploti akaja akiburuta viatu. "Pole pole, mama. Hiyo kufuli ni ya mtu. Tungoje mwenyewe arudi."

"Tungoje nini, mzee? Jeneza?" Adabu ilikuwa imeniisha kabisa. Nilichukua jiwe la kuzuia geti nikagonga mpaka ile kufuli ikaachia.

Kasichana kalikuwa kameegemea ukuta kando ya jiko linalofuka moshi, kibiriti mkononi, shingo imelegea. Nilipokabeba kalikuwa kepesi mno, nikaogopa zaidi. Kwenye hewa ya nje kakafungua macho, kakanishika kola. "Na katoto ketu?"

Katoto gani? Hatukuwa tumewahi kusikia mtoto mchanga akilia humo. Nikarudi mbio ndani ya ule moshi nikipapasa kitanda. Alikuwa chini ya blanketi, mvulana wa miezi michache, macho wazi, hai. Hakulia nilipomwinua, wala tulipomfikisha hospitali, wala alipodungwa sindano. Mimi nimelea watano. Mtoto asiyelia namwogopa.

Nikampigia simu afisa wa watoto pale pale. Mama yao, jirani yule aliyewafungia, alikuja jioni, afisa akakaa naye kando, wakaongea sana. Mimi sikutaka kumwona.

Kesho yake nilikuwa wodini nikiwapelekea uji. Yule mdogo akakunja uso, akalia kwa sauti, mara ya kwanza. Nilitaka kushangilia. Lakini dada yake alikuwa ameshateremka kitandani, akamziba mdomo kwa kiganja, akitazama mlangoni.

Nikautoa ule mkono taratibu. "Mwache alie," nikamwambia. Hakunielewa.