Chokaa ya chumvi na ngombe ya mahari

Leo ngombe imekula ukuta wangu, na mimi nikapiga vigelegele!

Wakwe wa mujukuu wangu Furaha walikuwa wanaleta ngombe ya mahari. Tangu asubuhi nikapaka nyumba chokaa. Na hii baridi ya huku kwetu Karuba, milimani, chokaa inakauka wapi? Nikatia chumvi mingi ili ishike.

Haikushika. Ukungu ukashuka, ukuta wote ukaanza kutoa makamasi.

Wakafika na ngombe. Baba ya bwana-arusi akakunja pua:
“Mama, nyumba iko chafu hivi, mutoto atakuwa namna gani? Narudisha ngombe yangu.”

Furaha akaanza kulia kule jikoni.

Nikamuuliza: “Papa, unaposa ukuta ao unaposa mutoto?”

Akavuta kamba ya ngombe.

Ngombe ikakataa! Ilikuwa imeonja ile chumvi, inalamba ukuta tu. Wanaume wanne wakavuta, wakaanguka kwenye matope na makoti yao ya ibada.

Nikamwambia: “Papa, ngombe yako imeshafika kwao. Wewe tu ndio umebaki njiani.”

Akacheka mpaka akakaa chini. Kamba akaifunga mwenyewe kwenye nguzo yangu.

Sasa ukuta iko na kipara, na Furaha iko na bwana. Wamama, nani kati yenu angechagua ukuta?