Sheria ya Dini kwa Ndiyo au Hapana

Siku yangu ya kwanza kazini nilifundishwa kunyamaza. Ofisi ilikuwa ghorofani Parramatta, magharibi mwa Sydney, juu ya duka la miwani, na vibanda vya simu vilipangwa kama vyumba vya kujaribia nguo. Msimamizi wa Ukumbi, mama mrefu wa Kiaustralia aliyezunguka huku ametega sikio, alisimama nyuma yangu nikimhoji mtu kuhusu sabuni ya kufulia. Mtu yule akasema sabuni ile inamwasha mikono. Nikasema, "Pole." Msimamizi akanigusa bega.

"Hapa hatusemi pole," aliniambia simu ilipokatika. "Ukimhurumia, jibu lake linalofuata atakupa kama zawadi. Sisi hatutaki zawadi."

Kazi hiyo ya uhojaji wa simu niliifanya mpaka nikastaafu, na ninawaandikia vijana wetu wanaoifanya leo kati ya vipindi vya chuo. Kuieleza si vigumu. Una dodoso, yaani maswali yaliyopangwa na kupewa namba, na upande wa pili wa simu una mhojiwa. Unasoma kila swali kama lilivyoandikwa. Mhojiwa akisitasita unaruhusiwa kukaza, maana yake kulirudia swali bila kulifafanua. Kufafanua ni kosa kubwa, kwa sababu ukimfafanulia mmoja usimfafanulie mwingine, umewauliza maswali mawili tofauti. Kanuni hiyo niliiheshimu na bado naiheshimu. Walionichosha ni wanaotunga maswali na wanaosoma majibu.

Kutoka kwenye sabuni nilihamishiwa benki, kisha nikatumwa nje ya ofisi, kitongoji cha Mount Druitt, kubisha hodi kwa familia za Wakongo na kuuliza wanavyohudumiwa hospitalini. Akina mama walinitilia chai, wakaniambia, "Keti kwanza, maman," na kila huduma ikawa nzuri, hata ile waliyoanza kuilalamikia nilipokuwa mlangoni navaa viatu. Huko nilijua kwamba mtu hamjibu mgeni swali alilosomewa. Anamjibu mgeni.

Ndipo nikapandishwa kuwa kiongozi wa zamu, na ikaja kazi ninayotaka kuisimulia. Mteja, taasisi ya utafiti ya ng'ambo, alitaka kujua jinsi wananchi wa nchi zenye Waislamu wengi wanavyounga mkono sheria ya dini katika siasa za nchi zao. Komoro ilikuwa mojawapo. Mimi ni Mzanzibari, lakini mama yangu alikuwa Mngazija, wa kisiwa kikubwa cha Komoro, na lugha yake nilikua nayo, kwa hiyo Komoro nikakabidhiwa. Chini yangu walikuwepo wahojaji wachache waliozungumza na Wakomoro wanaojua Kiswahili. Hodari wao alikuwa Njeri, binti wa Kikenya aliyesoma takwimu chuoni Kensington, mcheshi, wa kanisani kila Jumapili.

Swali kuu lilisomeka hivi: "Je, unaunga mkono sheria ya Kiislamu iwe ndiyo sheria ya nchi? Ndiyo au hapana."

Karibu wote walisema ndiyo, wengine kabla sijamaliza kusoma. Njeri alishangaa. "Anti, hawa watu hawafikirii hata kidogo?"

"Ukiulizwa na sauti usiyoijua kama unaipenda Injili, utafikiri kwa muda gani?" nilimuuliza.

Akacheka. Mimi sikucheka. Jibu lenyewe halikunikera. Mimi pia ni Muislamu na ningesema ndiyo. Lakini sheria ya nini? Ya ndoa, ya wizi, ya benki? Swali lilifagia vyote kwa ufagio mmoja, na nilijua kwamba jibu lake ndilo litakalotangazwa.

Mbele kidogo lilikuwepo swali la urithi: mali ya marehemu igawanywe kama dini inavyoelekeza, mtoto wa kiume apate mafungu mawili na wa kike moja? Hapo Ngazija ikajionyesha. Kule wana desturi iitwayo manyahuli. Nyumba na shamba la ukoo hushikwa na wanawake, mama akamwachia binti, binti akamwachia binti yake, wala hakigawanywi kitu. Baba humjengea bintiye nyumba tangu akiwa mdogo. Ni watu wa swala tano, na manyahuli wanayo. Nilimhoji mama mmoja mtu mzima, Bi Moinaecha, aliyewahi kuishi Unguja.

"Sheria ya Mwenyezi Mungu?" alisema kwenye swali kuu. "Kwani kuna nyingine ya maana? Andika ndiyo."

Nikamsomea la urithi.

"Hapana. Nyumba ni ya binti yangu."

Nikakaza, nikalisoma tena.

"Nimekusikia, mwanangu, si kiziwi. Mwanamume huingia nyumbani kwa ndoa, na akitoka anatoka na viatu vyake. Ndivyo ilivyo."

Dodoso lilikuwa na swali la nyongeza: viongozi wa dini wa eneo lako wana maoni gani?

"Kadhi?" Akacheka mpaka akakohoa. "Kadhi mwenyewe analala katika nyumba ya mkewe."

Niliandika yote. Wanawake wengi wa Ngazija walijibu hivyo: ndiyo kwa sheria ya dini, hapana kwa kugawanya nyumba. Kisha Mkuu wa Takwimu akaniita. Alikuwa bwana mpole, mwenye kula tufaha huku akizungumza. Kompyuta yake ilikuwa na kichujio, yaani amri ya kutenga mahojiano ambayo majibu yake hayapatani, na akina mama zangu wote walikuwa wametengwa.

"Zuhura, hawa wanapingana na nafsi zao."

"Hawapingani. Ndivyo wanavyoishi."

"Nakuamini," alisema, na nadhani aliniamini kweli. "Lakini mteja amenunua jedwali moja kwa nchi zote. Jedwali halina mahali pa 'ndivyo tunavyoishi'."

"Basi liongezewe."

"Nikiliongezea Komoro, siwezi tena kuilinganisha na nchi nyingine. Ama tuyafute mahojiano yao, ama uwapigie tena wachague moja."

Yakifutwa, ripoti ya kisiwa ambacho nyumba ni za wanawake ingebaki na sauti za wanaume. Nikaona afadhali kupiga. Aliniandikia swali: "Ulisema unaunga mkono sheria ya dini. Ulisema pia nyumba isigawanywe kwa sheria ya dini. Lipi ndilo jibu lako?"

Wa kwanza nilimpigia Bi Moinaecha. Nikamsomea swali lile jipya.

"Siku ile uliniuliza," alisema. "Leo unanishtaki."

"Sikushtaki, bibi. Nasoma kilichoandikwa."

"Anayesikiliza nani?"

"Majibu yanaingia kwenye kompyuta."

"Iambie kompyuta mimi ni Muislamu."

"Na nyumba?"

"Nimeshasema mimi ni Muislamu. Mwanangu, mwanamke mwenzangu usimuulize hivyo." Akakata.

Kwa kanuni za kazi, jibu lilikuwa limepatikana: amechagua sheria ya dini, kwa hiyo nyumba igawanywe. Nilirudi kwa Mkuu wa Takwimu nikamwambia siwapigii waliobaki, kwa kuwa swali lile linamlazimisha mtu achague kati ya imani yake na paa lake, na kwa mgeni hakuna atakayeikana imani. Hakugomba. Alimpa Njeri kazi hiyo.

Nilimfuata Njeri kwenye kibanda chake. "Njeri, unajua watakachojibu."

"Najua, Anti. Lakini mimi nasoma tu vile imeandikwa. Si ndivyo ulinifunza?"

Aliwapigia wote, wasiojua Kiswahili kwa mkalimani, kwa adabu na bila kosa hata moja, na wanawake wale mmoja baada ya mwingine wakasema wao ni Waislamu. Mkuu wa Takwimu akapita mezani kwangu akasema sasa data imenyooka.

Ripoti ilipotoka, hapa Sydney ilishangiliwa na watu wasioweza hata kuketi meza moja. Redioni bwana mmoja alisema mnaona, watu hawa wanataka kukata mikono, wanawake wao pia. Msikitini wengine walisema mnaona, umma umeamka. Si huyu wala yule aliyeuliza mama wa Ngazija alikuwa akifikiria nini aliposema ndiyo. Jirani yangu wa Toongabbie, Mngazija, mtu mwema katika mambo mengine, alinisimamisha penye kituo cha treni amefurahi.

"Bi Zuhura, kazi nzuri mmeifanya. Dada yangu amekalia nyumba ya mama yetu miaka yote, tukimwambia kugawana anatutolea manyahuli. Nimemtumia ripoti. Wanawake wenzake wenyewe wameikubali sheria."

"Hawakuikubali. Waliulizwa kama ni Waislamu."

"Imeandikwa wameikubali, Bi Zuhura."

Nilimweleza tangu treni ya kwanza mpaka ya pili ikapita. Aliitikia kwa heshima zote, na simu yenye ripoti hakuirudisha mfukoni.

Muda si mrefu nikastaafu. Sasa nina nafasi ya kukasirika polepole. Sidai kwamba maoni ya watu hayapimiki. Miaka yangu yote isingekuwa na maana. Nadai kwamba anayeuliza jambo kubwa kwa ndiyo na hapana asijifanye amesikia zaidi ya hapo. Na wewe kijana uliye kibandani, soma kama ilivyoandikwa, lakini kabla hujaanza kusoma, gombana na aliyeandika. Baada ya hapo ni kazi bure.

Juzi Njeri alinipigia kunijulia hali. Yeye ndiye kiongozi wa zamu sasa, na Komoro inapigiwa simu upya. Nilimuuliza safari hii akina mama wanajibuje kuhusu urithi.

"Hilo swali lilitolewa, Anti," alisema. "Mteja anasema mara ya mwisho wote walikubaliana, kwa hivyo hakuna haja ya kuwauliza tena."