Limi na Mashine Isiyohitaji Mtu

Mashine ya kuuzia maji ya Segese ilinunuliwa ili mradi wa maji usihitaji mtu. Unagusisha kadi, unabonyeza kioo, unakinga ndoo. Lakini kioo kilikuwa na vitufe kumi na kimoja, vyote vya kijivu, na wiki ya kwanza watu walirudi nyumbani na ndoo tupu. Mradi ukamwajiri Limi, ukamvalisha kizibao cha bluu kilichoandikwa MWONGOZAJI. Kwa miaka miwili akawabonyezea watu kwa kidole kimoja, na kidole hicho kikawasomesha watoto wake watatu.

Kisha akaja Blessing, binti anayesanifu programu huko Mwanza. Takwimu zilikuwa zimemshangaza: kwa miaka miwili hakuna mteja aliyekosea.

"Dada Limi, leo usimsaidie mtu. Kaa tu."

Limi akakaa. Kila kasoro ya kioo kile ilikuwa ugali wake, na aliapa kufunga mdomo.

Mama Nkwabi, jirani yake, akagusisha kadi, akabonyeza. Kioo kikauliza: *Una uhakika?* Akabonyeza Ndiyo. Kikauliza: *Una uhakika unataka kuendelea?*

"We Limi, hili linaniona mwongo?"

"Mimi leo sipo, mama."

"Shikamoo yenyewe halijui, halafu linanihoji! Nimekuja na ndoo kucheza?"

Akabonyeza Hapana kwa hasira, akaondoka na ndoo yake tupu.

Blessing akaandika: *Mtumiaji amebadili mawazo.*

Hapo Limi akashindwa kujizuia. "Hajabadili mawazo, ametukanwa! Ondoa maswali. Weka picha ya ndoo na picha ya dumu, basi. Na kitufe cha kufunga maji kiwe chekundu, kikubwa, kikae peke yake. Mtu ambaye ndoo yake inafurika hana muda wa kusoma."

Baada ya miezi miwili kioo kipya kikafungwa, kina picha mbili na kitufe chekundu. Limi akapewa cheti cha shukrani na barua ya kusitisha mkataba, vyote katika bahasha moja.

Kesho yake alipita pale kutafuta kosa. Watu waligusa, wakakinga, wakaenda zao. Hata Mama Nkwabi alijaza ndoo bila kukunja uso. Kisha akaitazama ndoo, akaitazama mashine.

"Limi! Unashangaa nini? Njoo unitwishe."

Limi akainama, akashika ukingo wa ndoo. Kazi hiyo alikuwa akiifanya tangu siku ya kwanza, na haikuwahi kuwamo kwenye mkataba.