Kwaya ya Waajemi Iliyomchukua Furaha

Nilikwenda Dallas kwa sababu ya wivu, na sioni haja ya kuutafutia jina zuri zaidi.

Kwa miaka mingi nimefundisha kwaya ya Kiswahili katika kanisa letu la Missouri City, kando ya Houston. Mchana mimi ni muuguzi hospitalini Houston. Jioni mimi ni mwalimu wa kwaya. Katika miaka hiyo yote sikupata mwimbaji wa sauti ya pili kama Furaha, Mkongomani wa Bukavu aliyekuja Marekani kama mkimbizi, mwenye sauti nzito isiyotetereka. Mumewe alipopata kazi kwenye ghala moja Fort Worth, karibu na Dallas, familia ikahama, nami nikalia kama niliyefiwa. Kisha, sherehe ya kanisa letu ikiwa imekaribia, mtu akanitumia video. Ilikuwa kwaya ya Waajemi wa Dallas, watu wamevaa nyeusi, wanawake na vitambaa vya kijani shingoni. Mbele yao, mkono hewani, akiwafundisha kupumua, alisimama Furaha wangu.

Niliitazama video ile nikiwa jikoni, nikaitazama kazini wakati wa mapumziko, nikaitazama tena ndani ya gari.

"Jumamosi naenda kumsalimia Furaha," nilimwambia mume wangu.

"Unaenda kumsalimia ama unaenda kum-check?" akaniuliza.

Moyoni nilikuwa na mpango kamili. Rafiki yangu mmoja anasimamia nyumba ya kutunzia wazee Sugar Land, jirani na kanisa letu, na alikuwa amenihakikishia kwamba Furaha akitaka kazi, kazi ipo. Nilikuwa nakwenda kumrudisha.

Jumamosi asubuhi niliondoka nyumbani Pearland, nikapita katikati ya Houston kabla magari hayajawa mengi, nikashika barabara kuu ya kaskazini. Hadi Huntsville kuna misonobari pande zote mbili, mirefu, imesimama wima kama watu wanaongoja kuanza wimbo. Niliposimama kununua kahawa nilijikuta nikiipanga hotuba yangu kwa sauti, hadi mwanamke aliyekuwa akijaza mafuta kando yangu akageuka kuniangalia. Baada ya hapo miti ilipungua, ardhi ikafunguka, ng'ombe wakaonekana kwa mbali, na nilipofika Corsicana sikuwa na shaka yoyote kwamba ningerudi na ushindi.

Mchana niliingia Richardson, mji ulioshikana na Dallas upande wa kaskazini. Kuna maduka ya Waajemi huko, na harufu ya mkate wa moto ilinipokea nikishuka garini. Kwaya hufanyia mazoezi katika ukumbi wa kukodi nyuma ya maduka hayo. Furaha alinikimbilia mlangoni, akanikumbatia hadi miwani ikaniponyoka.

"Mwalimu! Ulitembea muzuri? Niko nakungoja tangu asubui!"

Akanipeleka kwa wakuu wake. Wa kwanza alikuwa Bi Shirin, kiongozi wa kwaya, mwanamke mfupi wa makamo aliyechomeka penseli kwenye nywele na ambaye siku za kazi huuza dawa dukani. Wa pili alikuwa Bwana Kamran, mwembamba, mpole, anayepiga ala waiitayo santur. Kwetu santuri ni ile sahani nyeusi ya muziki wa zamani. Kwao ni sanduku la nyaya nyingi, linalogongwa kwa vijiti viwili vyepesi, na mlio wake ni kama mvua inayoanza kunyesha juu ya bati. Nilitaka usinipendeze. Ulinipendeza.

"Furaha, uliwapataje watu hawa?" nilimnong'oneza Kiswahili.

"Nilibasikia kwenye maktaba, banaimba. Mi mwenyewe nilienda kubaomba."

Jibu hilo liliniingia kama mwiba. Nilikuwa nimejiambia kwamba walimwiba. Kumbe alijipeleka.

Mazoezi yakaanza. Walikuwamo wazee, na walikuwamo vijana waliozaliwa hapa Texas, wenye Kiingereza cha hapa hapa. Bwana Kamran aliwafundisha maneno ya Kiajemi moja baada ya jingine. Msichana mmoja mwenye nyaya za meno alikosea irabu, akarekebishwa, akakosea tena, akacheka, hatimaye akaipata, na bibi kizee nyuma yake akambusu kichwani. Nilimfikiria binti yangu Moraa. Mimi humwita kwa Kiswahili, yeye huitika kwa Kiingereza, na kwenye kwaya yangu hakanyagi. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikiwaonea wivu watu wale kwa vijana wao, ukumbi wao, hata vitambaa vyao.

Nilianza kutafuta makosa. Sauti ya kwanza ilikuwa kali mno. Wanaume walikuwa wanachelewa. Kisha Bi Shirin mwenyewe akatoa ishara mapema, sauti zikagongana, na wimbo mzima ukasambaratika. Nakiri nilifurahi. Mimi ningekemea mtu. Yeye alijishika kichwa, akacheka.

"Kosa langu. Furaha, njoo uongoze wewe. Nataka kusikia."

Furaha akaja mbele. Bi Shirin akaja kukaa kando yangu, miongoni mwa sauti ya pili, akanisogezea karatasi yake.

"Ndiwe uliyemfundisha?" akaniuliza chini chini kwa Kiingereza. "Basi imba karibu na mimi. Sauti hii sina uhakika nayo."

Niliimba. Sikujua maneno, nikafuata tuni tu. Kila nilipoinua macho, nilimwona mwanamke aliyesimama miaka yote katika mstari wangu wa pili, na watu wanatazama vidole vyake kana kwamba haijapata kuwa vingine. Mkono wake ulikuwa laini. Aliwangoja watu wapumue. Alikuwa mzuri, na hakuna aliyekuwa anashangaa ila mimi.

Jioni Bi Shirin alitualika kwake kwa chakula. Wali wao hupikwa hadi ukoko wa chini uwe wa dhahabu. Kwetu ukoko hugombewa na watoto jikoni. Kwao hupewa mgeni wa heshima. Kipande kikubwa kikawekwa kwenye sahani yangu.

"Kwaya yenu ni kubwa?" akauliza Bwana Kamran.

"Kubwa sana," nikasema. "Siku za sherehe watu hukosa hata pa kusimama."

Haikuwa kweli. Nusu ya waimbaji wangu huwa zamu za wikendi hospitalini, na mara nyingine hufundisha viti vitupu. Furaha alijua. Alitazama sahani yake, akala, asiniumbue.

Usiku nililala kwa Furaha, Fort Worth, na Jumapili asubuhi, mumewe akiwa kazini bado, tulikunywa chai wawili tu. Hapo nikamtolea hoja yangu yote: kazi ya Sugar Land, shule za watoto, kanisa, sherehe iliyokaribia. Nilizungumza vizuri, kama nilivyojizoeza njiani. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Asante, mwalimu. Lakini siwezi kurudi."

"Kwa sababu ya bwana yako?"

"Hapana. Yeye anaweza kupata kazi kokote."

"Basi ni hawa Waajemi. Wana nini ambacho sisi hatuna? Hata lugha yao huijui!"

Aliweka kikombe chini.

"Kule Houston niliimba miaka yote ile. Hata siku moja hukuniacha nisimame mbele. Hata siku ile ulikuwa mugonjwa ya koo, ulisema bora tusifanye mazoezi."

"Nilikuwa nangoja uive, Furaha."

"Niliiva, mwalimu. Na wewe uliona."

Niliona, ndiyo. Niliona mapema kuliko mtu yeyote, na ndiyo maana nilimweka mstari wa pili.

Alinimiminia chai nyingine. "Kama unaniita kuimba kwa sherehe, nitakuja. Kama unaniita kurudi, hapana. Na nikikuja, Mama Shirin anaomba twende pamoja. Anataka kuona kwetu."

Kwetu. Neno hilo lilinipoza kidogo. Hata hivyo nilimjibu, "Nitafikiria," na nilikuwa mkavu niliposema hivyo.

Niliondoka Fort Worth kabla ya adhuhuri. Nusu ya kwanza ya safari niliendesha kwa hasira: nikimwita Furaha mwanamke asiye na shukrani, nikimwita Bi Shirin mjanja, nikiyajibu mazungumzo ya asubuhi kwa majibu makali ambayo hayakunijia mezani. Misonobari iliporudi hasira ilikuwa imeniishia, na kilichobaki kilikuwa kizito zaidi. Karibu na Huntsville niliegesha gari, nikampigia simu.

"Mlete Mama Shirin," nikasema. "Na huyo wa santuri pia, akitaka. Na wimbo wa mwisho utauongoza wewe."

Nikasikia analia, akicheka katikati ya kilio, akisema maneno ya Kifaransa ambayo sikuyashika.

Nilifika Pearland jua likizama. Mume wangu aliuliza Furaha yuko wapi. Nikamwambia yuko kwake.

Jumanne jioni, kwenye mazoezi Missouri City, nilimwita Achieng, muuguzi mwenzangu kijana ambaye kwa muda mrefu amekuwa akijitolea kunisaidia nami nikimwambia asubiri. Nikamwambia aongoze. Alidhani natania. Nilikwenda kukaa nyuma, kati ya wanawake, na kwa mara ya kwanza niliisikia kwaya yangu kutoka ndani. Ule mwendo wa polepole ninaoupenda, ambao nimeulazimisha miaka yote, ulikuwa unawakatia watu pumzi. Jirani yangu alikuwa anaruka neno kila mstari ili apate hewa. Sikuwa nalijua hilo, na nisingelijua kamwe kwa kusimama kule mbele.

Achieng naye alilisikia. Aliharakisha mwendo kidogo, uso ukimng'aa, na sauti zikapanda zote pamoja, safi, kuliko nilivyowahi kuzipandisha mimi. Nilimwonea wivu tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Mikono ilinisumbua, nikaikalia. Lakini sikuinuka.