Kwenda Yeye, Kurudi Mimi

Tulikuwa tumekubaliana. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloniuma. Kwenda Mau Narok angeendesha bwanangu, kurudi ningeendesha mimi. Alisema mwenyewe, tukiwa jikoni, watoto wakisikia. Hata kifunguamimba alimuuliza, "Kwani baba atakaa nyuma?" Naye akajibu, "Nitakaa nyuma kama mfalme." Sikuota.

Pikipiki tulinunua pamoja, jasho lake na langu. Leseni ninayo. Na niseme haki yake: aliyenifunza ni yeye. Alinipeleka uwanja wa shule ya msingi, akawa anakimbia nyuma ameshika keria, kile chuma cha kufungia mizigo, huku akipiga kelele, "Klachi, mama! Klachi!" hadi sauti ikamwisha. Mwanamume mwingine hangekubali hata bibi yake aguse ufunguo. Kwa hivyo sisemi ni mtu mbaya, nasema alinikosea. Haya ni mambo mawili na ninajaribu kuyaweka mbalimbali, ingawa nikiwa na hasira yanakimbiliana.

Ilikuwa mwezi wa kumi, ngano ya huko juu imeiva. Majirani zetu hapa Rongai ya Nakuru waliuliza tunaenda kununua nini. Tukasema hatununui. Kuna mgonjwa? Hakuna. Kuna kesi ya shamba? Hakuna. Jirani yangu akanitazama kwa huruma akasema, "Sasa mnachoma mafuta mkaone baridi?" Nikamwambia ndiyo, tunaenda kuona baridi. Miaka yote ya ndoa hatujawahi kwenda mahali bila mzigo ama matanga, na mimi nilitaka siku moja tu ya namna hiyo. Zaidi ya yote nilitaka kuteremka zile kona za Mau mimi mwenyewe nikiwa nimeshika handeli, bonde lote likiwa mbele yangu, na yeye nyuma yangu.

Tulipanda vizuri. Baada ya Njoro hewa ikabadilika, ikaanza kuingia kwenye mikono ya jaketi. Alisimama akavua glavu zake akanipa. Mashamba yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa hadi kule ambako macho yanachoka, na kombaini mbili zilikuwa zikikata ngano zikitoa vumbi kama moshi. Nilifurahi. Nimejiuliza kama niliifurahia siku hiyo kweli ama nasema tu ili hasira yangu ionekane kubwa, lakini hapana, nilifurahi.

Mau Narok tuliingia hoteli moja ndogo ya mabati, tukaagiza chai na viazi karai. Meza ya karibu walikaa wanaume watatu wenye gambuti, watu wa mashamba. Mmoja akamsalimu bwanangu.

"Boss, umeleta mathe aone ngano?"

Bwanangu akajifurahisha. Huko hakuna aliyemjua. Akasema, "Huyu unayemwona ana leseni ya pikipiki. Kurudi ananibeba."

Nilimpenda sana wakati huo, nataka iandikwe.

Yule mtu akaweka kikombe chini. "Anakubeba? Na ukifika utamlipa fare?"

"Atamlipa na nini, na mfuko ni wa mathe?" mwenzake akadakia.

"Lakini boss, utamshika wapi? Kiuno ama keria?"

Wakacheka, mimi nikacheka, bwanangu akacheka. Ulikuwa mzaha mzuri hata, hawakuwa na ubaya. Lakini nilimwona akikunja kile kikaratasi cha viazi mara nyingi, akikikunja hadi kikawa kidogo kama dawa ya kichwa.

Tulipotoka nje nilinyoosha mkono anipe ufunguo. Akasema, "Acha nitoe hapa kwenye matope kwanza."

Sawa, kulikuwa na matope. Trekta zilikuwa zimeharibu pale. Nikapanda nyuma.

Matope yakaisha. Nikamgusa bega. "Kona hizi ni mbaya," akasema, "wacha tuzipite." Lakini kona ndizo nilizokuja kutafuta! Tukazipita zote, moja baada ya nyingine, mimi nikitazama mgongo wake. Mahali fulani bonde lilifunguka, ziwa la Nakuru likaonekana chini likiwaka kama bati jipya, na Menengai ng'ambo. Nililiona kwa upande, juu ya bega lake. Nikajiambia labda ananihurumia, labda kweli anaogopa nitaanguka. Nilimtetea moyoni hadi tukafika Njoro.

Hapo Njoro akasema kuna polisi.

"Si nina leseni?"

"Watatusumbua bure."

Polisi walikuwepo, sitamsingizia. Walikuwa wanakula mahindi choma na hawakututazama.

Nafasi niliipata mbele ya hapo, aliposimama kwenda kujisaidia kichakani. Aliacha ufunguo kwenye pikipiki. Aliporudi alinikuta nimekaa mbele, nimefunga helmeti, injini inanguruma. Alisimama hapo akifunga zipu ya jaketi polepole kuliko jaketi yoyote inavyofungwa. Kisha akapanda nyuma.

Nikaendesha. Tukaingia barabara kuu, malori yanapumua pembeni, na nikakaa upande wangu, sikuyumba. Tulipopita lori la mafuta aliniambia sikioni, "Unaendesha vizuri, mama." Mikono yake ilikuwa kiunoni kwangu, haikukaza, ya mtu aliyetulia. Naandika hili kwa sababu baadaye alitaka kusema ni usalama. Haikuwa usalama. Katika malori, mahali pa kufia, alikaa nyuma yangu akatulia.

Tulipoacha barabara kuu tukiingia kwetu Rongai, kabla ya kona ya kinu cha mahindi, alinigonga bega mara mbili. Hiyo ni ishara aliyonifunza mwenyewe: ukigongwa mara mbili, simama kwanza, uliza baadaye. Nikasimama. Nilidhani tairi.

"Niachie sasa," akasema. "Tunakaribia steji."

Steji yetu iko baada tu ya kinu. Hapo hukaa vijana wa boda na wazee wawili watatu wasio na kazi, na kila mtu anayeingia Rongai upande huo lazima apite mbele ya macho yao.

"Tulikubaliana," nikasema.

"Si umeendesha? Umeendesha sana hata. Hapa ni mita kidogo tu."

"Kama ni mita kidogo, kaa."

"Mama, unawajua hao watu. Nitaitwa pasenja hadi nizikwe."

Nikamwambia jambo ambalo sikuwa nimepanga. Nilimwambia kila Jumanne na Ijumaa napita hapo hapo na magunia ya sukuma wiki keria imejaa hadi kisogoni, na hakuna anayecheka. Wananiita mama mchapakazi. Yeye mwenyewe hunifungia mzigo. Kwa hivyo gunia likibebwa na mimi halina aibu, ni yeye tu aliye na aibu. Nilisema kwa sauti ya juu. Mwanamke aliyekuwa anaanua nguo akaacha kuanua.

"Usinifanye hivi barabarani," akasema.

"Panda twende."

"Shuka."

"Panda ama utembee."

Sikufikiri angetembea. Huo ndio ukweli wangu. Nilifikiri atapiga mdomo, atapanda, atainamisha kichwa nyuma ya mgongo wangu, na yaishe. Lakini alivua helmeti, akaitundika kwenye handeli taratibu, kama mtu anayeacha kitu kwa mwenye duka, akaanza kutembea. Viatu vyake vizuri, vile vya kanisa. Nilimpita akiwa pembeni ya barabara na hakunitazama.

Nikafika steji peke yangu. Ningeweza kupita. Lakini kulikuwa na ng'ombe wanavuka, nikalazimika kusimama mbele ya wale vijana wa boda.

"Mathe! Safari ilikuwa aje? Na buda ako wapi?" kijana mmoja akauliza.

"Yuko nyuma, anakuja na miguu."

"Machine imeleta shida?"

"Pikipiki iko sawa. Ni yeye amekataa kubebwa na mimi."

Mmoja wao akapiga makofi, na kicheko kikatoka hapo kama maji ya bomba lililopasuka. "Amekataa lift ya bibi yake! Wueh! Ametoka Mau na miguu?" "Ngoja afike, leo ni leo!" Mzee mmoja, ambaye pia ana boda na siku nyingine hunibebea mboga, hakucheka. Alisogea karibu akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, hiyo ungetuficha."

Nimelibeba neno la yule mzee tangu siku hiyo na sijui niliweke wapi. Ni kweli ningeweza kusema ameshuka dukani. Nilisema kweli, lakini niliisema nikijua itamfikia kabla hajafika nyumbani. Nikijipima kwa haki, sikusema kweli kwa kupenda kweli. Na bado, nikijipima mara ya pili, nauliza kwa nini ni mimi wa kuficha. Aibu aliitengeneza yeye, akaiacha njiani, sasa nami niiokote niifunike na leso?

Nyumbani kwetu ni mteremko mfupi kutoka hapo. Nikiwa nafunga lango nilisikia wakianza. Kwanza miluzi, kisha mtu akaita, "Pasenja! Pasenja, ni wapi?" Sikuingia ndani. Nilisimama nikasikiliza yote hadi mwisho, na nusu ya hasira yangu ikataka kuhama kutoka kwake iende kwao. Niliizuia. Hao walikuwa wanacheka tu. Hawakuwa wameniahidi chochote.

Aliingia, akavua viatu mlangoni, vimejaa vumbi.

"Umewaambia," akasema.

"Waliniuliza."

"Ungesema niko dukani."

"Nawe ungekaa nyuma."

Akaketi. Kifunguamimba akaja akauliza kama baba alikaa nyuma kama mfalme. Bwanangu akamwambia, "Nilikaa. Nilikaa sana, kuanzia Njoro hadi hapa kwa kinu." Nikangoja aseme lingine, hata neno moja. Akamwomba mtoto maji ya kuosha miguu.

Nilimletea mimi hayo maji, kwa sababu mtoto alikuwa na daftari mkononi. Nikayaweka chini, nikarudi jikoni. Tangu siku hiyo tumeongea mambo yote, karo, mbegu, mvua, na mara mbili amesema barabarani alikuwa anafikiria usalama wangu. Nimemwacha aseme. Hajaniuliza hata siku moja nilivyojisikia nikipita pale kwa steji kiti cha nyuma kikiwa kitupu, baada ya kumleta mzima kutoka kwa yale malori yote.