Mwaka wa Ugali na Njia ya Maruku

Ulikuwa mwaka ule tuliokula ugali Krismasi. Mhaya akisoma hapo anajua ni mwaka gani, sina haja ya kutaja tarehe. Ugali kwetu ni chakula cha shule ya bweni na cha mgonjwa aliyelazwa mbali na kwao. Mtu mwenye kibanja chake, lile shamba la migomba linalozunguka nyumba, anakula ndizi, na Krismasi anakula ndizi na nyama. Mwaka ule Padre alipopita kubariki nyumba alikuta kila jiko la kwetu Kamachumu linasonga. Alikula kwangu tonge mbili akaaga. Sikumlaumu, maana ulikuwa ugali mbaya. Sikujua kuusonga na sikuwa na nia ya kujifunza uzeeni.

Kisa chake ni mnyauko ulioingia migombani. Majani yanalegea kama yamemwagiwa maji ya moto, ndizi zinaiva kabla hazijakomaa, ukizipasua ndani zimeoza, na shina ukilikata linatoa usaha kama jipu. Bwana shamba alituambia tung'oe yote, mashina na mizizi, tupande mahindi na maharage, tusirudishe mgomba mpaka ardhi ipumzike. Akasema tena kwamba ugonjwa tumeutembeza sisi wenyewe. Kwetu ukimtembelea mtu unamsaidia kupunguza majani makavu kwa panga lako, na ukiondoka anakuchimbia chipukizi la mgomba ule uliousifia. Vibanja vyetu vyote vimejengwa hivyo tangu wazee. Basi ugonjwa ulipita humohumo kwenye ukarimu wetu, kwa panga na kwa zawadi.

Niling'oa. Kibanja alichoniacha nacho marehemu mume wangu Laurenti kikabaki uwanja. Mibuni ilisimama peke yake kama watu waliovuliwa nguo sokoni, na kaburi la Laurenti, ambalo miaka yote lilikuwa kivulini, likawa linachomwa na jua. Nikapanda mahindi, nikasubiri.

Masika yalipoanza, ardhi ikiwa imekwisha kupumzika, mwanangu Deusi alikuja kutoka Hamugembe, huko Bukoba mjini, ambako ana nyumba na kazi yake ya ufundi wa magari. Alisimama katikati ya mahindi na viatu vyake vizuri, akaniambia amenijengea chumba, na kwamba kuna mtu anakitaka kibanja apande mikaratusi.

"Mama, umesubiri vya kutosha. Masika haya yakiisha na hapa hakuna mgomba, namleta yule mtu akione."

Kwa mila zetu kibanja ni cha mtoto wa kiume, mjane anakaa tu. Neno lake lilikuwa na meno. Nikamwambia, "Sihami. Aliyenipa kibanja hiki hajaniambia niondoke."

"Mama, Baba alishafariki."

"Sikumtaja baba yako."

Akatazama chini, akasema haya, tutaona masika yakiisha. Hiyo ndiyo sababu ya safari yangu. Nilikuwa nimesikia kwamba Maruku, kwenye kituo cha utafiti, wanaotesha miche ya migomba isiyo na ugonjwa. Nikaona nikaitafute mwenyewe kabla mvua haijakatika.

Asubuhi ya kuondoka nilipitia kwenye kaburi nikamuaga Laurenti, nikapanda bodaboda mpaka chini Muhutwe, kwenye lami. Nilikuwa na kikapu cha maharage. Hapo niliona aibu kuliko mahali popote njiani. Maisha yangu yote sijawahi kwenda kwa watu bila mkungu wa ndizi, na sasa naenda na maharage kama mtu asiye na kwao. Kijana wa bodaboda akaniuliza, "Bibi, leo huna mkungu?" Nikamwambia aangalie barabara.

Kemondo nilishuka kumwona mdogo wangu Yustina, aliyeolewa pale karibu na bandari. Ziwa lilikuwa limetulia, na mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, walikuwa wanageuza dagaa juani. Yustina alinipikia sangara na ndizi. Ndizi, jamani. Mnyauko ulikuwa haujafika kwake. Nilikula mpaka akacheka.

"Dada, kwako hamli?"

"Tunakula. Tunachokula ndicho sisemi."

Baada ya chakula akanishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba. Alikuwa amekwisha kuchimba machipukizi, mazuri, manene, yamefungwa kwa kamba ya mgomba. Mbegu hiyo ilitoka kwa mama yetu mzazi. Mama alimpa kila binti chipukizi alipoolewa, mimi la kwangu nilikuwa nimeling'oa na mengine, na hili la Yustina ndilo lililobaki duniani. Nilisimama nikayatazama. Hayakuwa na doa. Ningeyapakia mchana huohuo, kesho yake yangekuwa ardhini, na Deusi asingekuwa na la kusema. Nikajiuliza kama huyu si Mungu mwenyewe amenijibu mapema.

Lakini bwana shamba alikuwa amesema ugonjwa unaweza kulala ndani ya chipukizi usionekane. Na nyumba mbili kutoka pale nilikuwa nimeona migomba ya jirani imelegea majani.

"Yustina, siwezi kuyachukua," nikasema.

"Huwezi vipi? Kama ni mzigo mzito nitakutafutia mbebaji."

"Si uzito. Nasikia ugonjwa hujificha."

Uso wake ulibadilika. "Kwa hiyo kibanja changu kina ukoma. Mbegu ya Mama ina ukoma."

"Sijasema hivyo."

"Umekula ndizi zake, hukusema zina ugonjwa."

Kwetu kukataa chipukizi la mtu ni kama kumtemea mate sahanini. Nilijua hilo, na nikakataa. Mgeni akiondoka kwetu hupewa kahawa kavu ya kutafuna, na hasindikizwi kwa macho bali kwa miguu, mpaka njia panda. Siku ile Yustina hakunipa kahawa wala hakuvuka mlango. Nilitembea peke yangu mpaka barabarani, nikamwambia Mukama, yaani Bwana wetu, kwamba kama hili ndilo jibu lake basi anajibu kama mtu mwenye hasira.

Hamugembe nilifika jioni. Mke wa Deusi, Jenerosa, alinipokea kikapu kwa mikono miwili na kunionyesha chumba changu. Sitasema uongo, kilikuwa chumba kizuri. Kina dirisha la kioo, kitanda kirefu, na bomba la maji lipo hapo nje mlangoni, huchoti mbali. Wajukuu walilala wamenizunguka kama vifaranga. Siku ya kwanza nilisema hapa pananifaa kwa wiki moja. Asubuhi niliamka nikiwa nimesahau maumivu ya mgongo, na hilo likaniogopesha.

Maruku nilienda na Deusi mwenyewe, kwenye pikipiki yake. Tulipokelewa na dada mmoja mwenye mabuti ya mpira, mpole. Kabla ya kuingia alitukanyagisha kwenye sinia la dawa. Nikamweleza shida yangu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Bibi, miche iliyokuwa tayari imekwisha. Imechukuliwa wiki iliyopita."

Nilikaa chini palepale, kwenye nyasi.

Yule dada akachuchumaa karibu yangu. "Ipo mingine, lakini bado midogo. Njoo uione."

Alitupeleka kwenye kitalu chini ya wavu mweusi. Miche ilikuwa kama vidole vya mtoto, majani mawili mawili, myembamba kama majani ya kitunguu.

"Nipe hii," nikasema. "Nitaitunza."

"Itakufa, Bibi. Imezaliwa ndani ya maabara, kwenye chupa, haijui jua. Tunaiweka kivulini kwanza, tunaipunguzia kivuli kidogo kidogo, mpaka ishike nguvu. Ukiitoa leo kwenda Kamachumu unaizika."

"Na mvua zikiisha?"

"Zikiisha utamwagilia. Mche wenye nguvu unamwagiliwa. Mche uliokufa haumwagiliwi."

Akasema nirudi baada ya wiki kadhaa, akaandika jina langu.

Wiki hizo za Hamugembe zilikuwa ndefu. Mvua ilikuwa inanyesha juu ya bati la Deusi na mimi naihesabia hasara, kila tone. Jioni nilisali rozari barazani, na jirani yetu Bi Mwajuma alikuwa ng'ambo ya ua wa michongoma na tasbihi yake. Ni mwanamke wa umri wangu, babu yake alikuja Bukoba na biashara kutoka pwani. Siku moja aliniuliza ninaomba nini hata nakunja uso hivyo.

"Ninamuuliza Mungu kwa nini ananichelewesha. Yeye ana milele, mimi nina magoti."

Akacheka mpaka shanga zikaanguka. "Uvumilivu wenu una rozari na wetu una tasbihi, mama Deusi, lakini magoti yanauma sawasawa."

Tukawa marafiki. Mtu wa kungoja naye anapunguza nusu ya mzigo.

Yule mtu wa mikaratusi naye alikuja kunisalimia, ameniletea sukari. Alikuwa na adabu, alikaa ukingoni mwa kiti.

"Mikaratusi haiugui, Bibi," akasema.

"Wala hailiki," nikamwambia, nikamimina chai. Sukari yake tuliinywa, ilikuwa sukari nzuri.

Usidhani nilikuwa na moyo wa chuma. Mara mbili tatu nilifungua mdomo kumwambia Deusi sawa, chukua, nimechoka. Kilichonizuia si ushujaa. Nilikumbuka vile vidole vya watoto chini ya wavu, nikaona kama nami nimewekwa hapo Hamugembe, chini ya kivuli cha mwanangu, na aliyeniweka anajua siku ya kunitoa. Nikaacha kugombana na Mungu, nikaanza kulala vizuri.

Niliporudi Maruku mvua zilikuwa mwishoni kabisa. Miche ilikuwa imesimama, majani mapana, shingo nene. Yule dada alinipa na masharti yake. Panga la mgeni lisiingie kibanjani, la kwangu nilipitishe kwenye moto kila nikimaliza shina, na ua la mgomba nisilikate kwa kisu, nilivunje kwa kijiti chenye panda. "Hata kama mgeni ni ndugu yako," akasema. Nikamwambia hilo nimekwisha kulilipia Kemondo.

Njia ya kurudi nilishuka Kemondo tena, na miche yangu kwenye maboksi. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Yustina nilimkuta amekaa juu ya mgomba alioukata. Nyuma yake kibanja kizima kilikuwa kimelegea majani, na harufu yake naijua.

"Umekuja kunicheka, dada?"

"Nimekuja kung'oa."

Nilivua kitenge nikabaki na gauni, tukang'oa mpaka jua likashuka, yeye akilia na mimi nikimfundisha kupitisha panga kwenye moto. Tulipofika kwenye shina la Mama alirudi nyuma. Nililing'oa mimi.

Tulipomaliza akasema, "Ungeyachukua yale, ungepeleka kifo kwako."

"Ningeyachukua. Ilibaki kidogo tu."

"Sasa nitakula nini?"

"Ugali. Utauzoea vibaya kama mimi. Ardhi yako ikipumzika, utakuja kwangu kuchukua machipukizi. Nitakuchimbia mwenyewe, kwa panga langu."

Alinichemshia chai, akanipa kahawa ya kutafuna, kiganja kizima. Akanisindikiza mpaka njia panda, akabeba boksi moja kichwani.

Nyumbani nilipanda siku iliyofuata. Mvua ilinyesha mara mbili ikakatika, na kiangazi chote nilimwagilia kwa ndoo kutoka kisimani, wanawake wa jumuiya yetu ya sala wakinisaidia kwa zamu. Deusi alikuja mwisho wa masika kama alivyosema. Alizunguka, akahesabu miche, akaondoka bila yule mtu.

Wengine wanafikiri kumtumaini Mungu ni kukaa mlangoni ukitazama njia. Mimi nilijifunza safarini kwamba kutumaini kuna kazi nyingi. Kuna kung'oa ulichokipenda, kuna kukataa zawadi nzuri iliyokuja kabla ya wakati wake, kuna kukaa kivulini wakati unataka jua, na kuna ndoo. Mungu hakunichelewesha. Alikuwa ananipunguzia kivuli kidogo kidogo.

Krismasi hii iliyopita, ya pili tangu nipande, tulikula ndizi. Mkungu wa kwanza niliukata mwenyewe, nikampelekea Padre chana moja kufuta ule ugali. Kaburi la Laurenti liko kivulini tena. Yustina alikuja kutoka Kemondo kuchukua machipukizi yake, na Deusi alikuja na mke na watoto, akala sahani mbili, akalegeza mkanda. Kisha akatazama migomba, akanitazama mimi, akasema kwa upole, kwa sababu ni mtoto mwema, "Mama, sasa kibanja kimepona. Tuweke mtu wa kukitunza, wewe uje upumzike Hamugembe. Chumba chako bado kipo."

Nilimwongezea ndizi, sahani ya tatu, nikamwambia, "Sihami. Aliyenipa kibanja hiki hajaniambia niondoke."