Pikipiki ya Ziwani Haimsubiri Aliyeanguka

Hivi wewe, ukianguka kwenye pikipiki, ungependa iendelee na safari bila wewe? Juzi, kwenye duka la spea hapa Lizaboni, nilikuta mume na mke wakibishana juu ya hilo. Mume ni bodaboda mstaafu. Siku hizi anavua Ziwa Nyasa kwa jet ski, ile pikipiki ya majini, na alifuata plagi na oili.

"Na ile kamba ya mkononi?" mke akauliza.

"Ipo, mama watoto. Nimeifunga kwenye usukani isipotee."

Typical boda! Helmeti nayo walikuwa wanaining'iniza hapo hapo.

Muuzaji akaiacha plagi. "Kaka, ile unavaa wewe. Ukianguka inachomoka, injini inazima. Ukiifunga usukani, chombo kinaondoka, wewe unabaki na samaki."

"Kiliondoka Jumamosi," mke akasema. "Aliokolewa na wenye mtumbwi. Kaja nyumbani anatetemeka, ananidanganya eti baridi."

Jamaa akakuna kichwa. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto juu ya kaunta. "Haya, nionyesheni inavyovaliwa."

Muuzaji akatoa kamba mpya, mke akampokonya. Akaifunga mwenyewe, akaivuta mara mbili. "Bila hii hutoki ufukweni."

"Sawa, mama."

Dakika tano tu, bila semina wala posho. So, ninyi mnaosajili vyombo vya majini: kabla hamjagonga muhuri, mwambieni mtu avae kamba, aichomoe, azime injini mbele yenu. Akishindwa, mfundisheni. Graduates wa kuwasaidia tupo, tuajirini.